Wababe Wote Ndani ya Picha Moja

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, DVD za bei nafuu zilipomwagika katika masoko ya Afrika Mashariki, zilizopendwa kuliko zote zilikuwa zile za mkusanyiko. Diski moja ilibeba filamu kumi, kumi na mbili, wakati mwingine ishirini na zaidi, picha zikiwa zimebanwa mpaka zinafifia ili zote zienee. Kwenye kava walipangwa Stallone, Schwarzenegger, Van Damme, Jet Li na Wesley Snipes, bega kwa bega, bunduki mkononi, moto ukiwaka nyuma yao. Mnunuzi alijua fika kwamba humo ndani hawakutani, kila mmoja ana filamu yake na adui wake. Lakini aliyetengeneza kava lile alikuwa ameelewa jambo ambalo Hollywood, pamoja na fedha zake zote, ilikuwa bado haijalitenda. Watu walitaka kuwaona wote pamoja.

Hamu hiyo haikuzaliwa na DVD. Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, kanda za video zilikuwa zimekwisha kulea kizazi kizima. Banda la video lilihitaji deki, televisheni moja, mabenchi na turubai la kuzuia mwanga. Ubao wa nje uliandikwa kwa chaki jina la filamu na, kwa herufi kubwa zaidi, jina la steringi. Baadaye wakaja watafsiri wa filamu, ambao hawakutafsiri tu bali walisimulia, wakaongeza chumvi, wakawapa waigizaji majina ya mtaani. Dar es Salaam ilikuwa na Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Kenya ina DJ Afro, na Uganda imejaza kumbi kwa ma-VJ wanaosimulia kwa Kiganda. Jina la Rambo lilitoka kwenye skrini likahamia kwenye mifuko ya plastiki ya Tanzania, likadumu huko mpaka mifuko hiyo ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019.

Ndani ya mabanda yale kulikuwa na ubishi usioisha. Rambo na Komando wakikutana, nani atabaki amesimama? Van Damme ataweza mateke ya Jet Li? Kila mtu alikuwa na hoja, na hakuna aliyekuwa na ushahidi, kwa kuwa filamu ya kuamua ubishi huo haikuwepo. Ndiyo maana habari zilizotoka Marekani mwaka 2009, kwamba Sylvester Stallone anakusanya kikosi cha wakongwe ndani ya filamu moja iitwayo The Expendables, zilipokewa kwa uzito ambao mhakiki wa filamu wa New York asingeweza kuuelewa kirahisi.

Kwanza tuwatazame wawili walioubeba mzigo mkubwa zaidi wa ubishi ule. Stallone alijulikana duniani mwaka 1976 kwa Rocky, filamu ya gharama ndogo iliyotwaa Oscar ya filamu bora. Mwanzoni mwa mwaka 1977, kwenye usiku mmoja wa tuzo za Golden Globe, Rocky ilishinda, na kijana mmoja mtunisha misuli kutoka Austria, Arnold Schwarzenegger, naye akapewa tuzo ya mwigizaji mpya kwa Stay Hungry. Kuanzia hapo wakawa wakiwindana. Stallone alitoa First Blood mwaka 1982, Schwarzenegger akajibu kwa The Terminator mwaka 1984. Mwaka 1985 ukawa mwaka wa kupimana nguvu waziwazi: Rambo ya pili kwa upande mmoja, Commando kwa upande mwingine. Walishindana kwa ukubwa wa misuli, kwa ukubwa wa bunduki, kwa idadi ya maadui waliolala chini kabla filamu haijaisha. Wote wawili wamesimulia hadharani kwamba hawakupendana hata kidogo. Schwarzenegger amekiri kuwa aliposikia kuhusu skripti mbovu ya Stop! Or My Mom Will Shoot alijifanya anaitaka sana, ili mwenzake aikimbilie. Stallone akaikimbilia. Filamu ilitoka mwaka 1992 na ikamwaibisha.

Kisha ukaja mwaka 1993, ambao kwangu mimi ndio mwanzo halisi wa historia hii. Katika Last Action Hero, mtoto anaingia kwenye duka la kanda za video na kukuta bango la Terminator 2 ambalo juu yake, badala ya Schwarzenegger, yupo Stallone. Miezi michache baadaye, katika Demolition Man, Stallone anayezinduka kutoka kwenye barafu baada ya miongo kadhaa anaambiwa kuna maktaba ya Rais Schwarzenegger, na anabaki ameduwaa, maana katiba ya Marekani haimruhusu mzaliwa wa Austria kuwa rais. Ilikuwa mizaha ya sekunde chache tu. Lakini mtazamaji wa bandani aliyekuwa makini aliona wanaume wawili wanaoitana kutoka filamu moja hadi nyingine bila kukutana. Miaka kumi baadaye, Oktoba 2003, Schwarzenegger alichaguliwa kuwa gavana wa California, na mzaha ule ukapata uzito mpya.

Wakati huo biashara ya wababe ilikuwa imekwisha kushuka. The Matrix ya mwaka 1999 ilionyesha kwamba mwigizaji asiye na kifua cha jiwe anaweza kupigana akiwa amefungwa waya, na kompyuta ikamalizia kazi. Spider-Man ya mwaka 2002 ilihamishia nguvu kwenye vazi, kiasi kwamba anayelivaa akibadilishwa, vazi linaendelea kuuza tiketi. Van Damme, Seagal, Lundgren na Snipes wakajikuta kwenye filamu zinazokwenda moja kwa moja kwenye DVD, nyingi zikipigwa Ulaya Mashariki kwa bajeti finyu. Huku kwetu wengi hatukuona kushuka huko, kwa kuwa DVD ndiyo ilikuwa sinema yetu. Filamu ambayo Los Angeles iliihesabu kuwa alama ya kuanguka, mabandani ilipokewa kama mzigo mpya uliotoka bandarini.

Stallone hakukubali kuzikwa. Mwaka 2006, akiwa na miaka 60, aliandika, akaongoza na kuigiza Rocky Balboa, na wengi waliokwenda kumcheka walitoka wamenyamaza. Mwaka 2008 akamrudisha Rambo, safari hii katika misitu ya Burma. Hapo akachukua skripti ya David Callaham iliyoitwa Barrow, kuhusu mamluki, akaiandika upya na kuipeleka kwa Avi Lerner wa kampuni ya Millennium, mtayarishaji aliyejenga biashara yake juu ya majina yaleyale ambayo studio kubwa zilikuwa zimeyasahau. Bajeti ilifika takriban dola milioni 80.

Kuanzia hapo, kungoja kukawa sehemu ya filamu yenyewe. Kila jina lililotajwa lilikuwa habari. Jet Li ameingia. Jason Statham, mwanamichezo wa zamani wa kuruka majini aliyeiwakilisha Uingereza kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1990, ameingia. Dolph Lundgren ameingia, na hilo lilisisimua kipekee, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa Ivan Drago katika Rocky IV ya mwaka 1985. Stallone amesimulia mara nyingi jinsi ngumi ya Lundgren, aliyoomba mwenyewe ipigwe kwa kweli, ilivyompeleka hospitali kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Mickey Rourke alikuja akitokea kwenye The Wrestler, iliyompa uteuzi wa Oscar. Kutoka kwenye mieleka akaja Steve Austin, na kutoka kwenye ulingo wa UFC akaja Randy Couture.

Majina yaliyokosekana nayo yalijadiliwa kwa bidii ileile. Van Damme alikataa. Kwa maelezo ya Stallone, hakuona kina katika mhusika aliyepewa. Wesley Snipes alitakiwa, lakini mwaka 2008 alikuwa amekutwa na hatia ya kutowasilisha hesabu za kodi na hakuweza kuvuka mipaka ya Marekani bila idhini ya mahakama, ilhali filamu ilikuwa inapigwa Brazil. Nafasi ilitajwa kwa Forest Whitaker, ikazunguka, na mwisho akaipata Terry Crews, mchezaji wa zamani wa mpira wa Kimarekani. Ninaamini hakuna filamu ya miaka ile ambayo watu waliifuatilia hivi, kama mashabiki wanavyofuatilia usajili wa timu yao kabla ya ligi kuanza.

Kamera ziliwashwa Machi 2009, katika jimbo la Rio de Janeiro kwa sehemu za kisiwa cha kubuni cha Vilena, kisha kazi ikahamia New Orleans. Katika pambano lake na Steve Austin, Stallone alipata ufa kwenye mfupa wa shingo na baadaye akawekewa bamba la chuma. Mtu wa miaka 62 alivunjika shingo kwa ajili ya pambano moja la filamu, na hilo nalihesabu kuwa jibu tosha kwa waliosema kikosi hiki kilikuja kuchukua hundi tu. Ni kweli pia kwamba mwaka uliofuata, mbele ya umati wa Comic-Con mjini San Diego, aliitania Brazil kwa maneno yaliyowaumiza wenyeji waliompokea, na ikambidi aombe radhi.

Halafu likaja kanisa. Oktoba 2009, Los Angeles, Stallone, Schwarzenegger na Bruce Willis walisimama mbele ya kamera moja. Watatu hawa walikuwa wamewahi kushirikiana kibiashara, walipojiunga na mradi wa mikahawa ya Planet Hollywood ulioanza New York mwaka 1991, lakini filamu ya pamoja hawakuwa nayo. Schwarzenegger alikuwa bado gavana, kwa hiyo muda wake ulikuwa mchache. Kinachotokea ni kidogo mno: Willis ana kazi ya kumwaga damu na anatafuta wa kuifanya, Schwarzenegger anaingia kupitia mlango wa kanisa huku mwanga ukimmulika kutoka nyuma, anarushiana maneno na Stallone, anaikataa kazi na kuondoka. Willis anauliza ana tatizo gani, Stallone anajibu kwamba anataka kuwa rais. Mtu asiyeijua Demolition Man alicheka kidogo. Aliyeijua alisikia mzaha wa miaka kumi na saba ukifika mwisho wake, mdomoni mwa mtu yuleyule. Hakuna ngumi iliyorushwa, na bado kwangu hizo ndizo dakika bora za filamu nzima.

Mwandishi wa Afrika hawezi kuzungumzia mamluki kama watu wa kubuni tu. Filamu ya wakongwe mamluki iliyotangulia hii ni The Wild Geese ya mwaka 1978, iliyomkusanya Richard Burton, Roger Moore na Richard Harris, wote wakiwa wamevuka ujana, kwenda kumwokoa kiongozi wa Kiafrika aliyepinduliwa. Ilipigwa Afrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi, ingawa waigizaji wakubwa wa Kiafrika, Winston Ntshona na John Kani, walikuwemo. Mshauri wake wa mambo ya kijeshi alikuwa Mike Hoare, mamluki halisi. Huyu ndiye aliyeongoza kikosi cha 5 Commando nchini Kongo mwaka 1964 na 1965, kilichoajiriwa na serikali ya Moïse Tshombe kuwapiga wapiganaji wa Simba mashariki mwa nchi, kutoka Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, hadi pwani ya Ziwa Tanganyika. Novemba 1981, miaka mitatu baada ya filamu hiyo, Hoare huyohuyo alitua Ushelisheli na watu wake wakijifanya watalii, akijaribu kupindua serikali, akashindwa na kukimbia kwa ndege aliyoiteka.

Ninalitaja hili kwa sababu lina uzito. Watu wa Kivu na Kisangani waliwahi kuwaona wazungu wa kukodiwa, na waliokufa mikononi mwao walikuwa na majina na familia. Katika The Expendables askari wa Vilena wanakufa kwa makumi, na hatumjui hata mmoja. Ndivyo zilivyo filamu hizi zote, na mtazamaji wa bandani amezoea kuwa upande wa steringi hata pale anayeuawa anafanana naye zaidi. Stallone anajaribu kulijibu jambo hilo mara moja tu, kupitia Mickey Rourke, anayesimulia jinsi alivyoshuhudia huko Bosnia mwanamke akijirusha kutoka darajani, naye angeweza kumwokoa na hakumwokoa. Uso wa Rourke umejaza skrini, macho yamelowa. Kwa muda huo mfupi tunaambiwa kwamba kazi ya mamluki inamla mtu roho. Kisha milipuko inaendelea.

Filamu ilitoka Marekani tarehe 13 Agosti 2010. Stallone alikuwa na miaka 64, Schwarzenegger 63. Ilishindana siku hiyohiyo na Eat Pray Love ya Julia Roberts na Scott Pilgrim vs. the World, iliyolengwa kwa vijana wa michezo ya video, na ikazipita zote mbili: karibu dola milioni 35 kwa wikiendi ya kwanza, na bado ikawa kinara wikiendi iliyofuata. Mwishowe dunia nzima ililipa takriban dola milioni 274. Wahakiki waligawanyika, na nadhani waliolalamika walikuwa na haki katika mambo kadhaa. Mapigano yamekatwakatwa kiasi kwamba jicho halipati pa kutulia, na usiku wa mwisho ni giza tupu. Jet Li, bingwa wa wushu tangu utotoni, amepewa nafasi ndogo isiyolingana naye, ingawa pambano lake na Lundgren, mfupi dhidi ya jitu, lilijibu angalau swali moja la zamani.

Lakini kuna filamu nyingine ya mwaka huohuo inayopaswa kusimama kando ya hii. Kampala, katika mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana alikuwa amekamilisha Who Killed Captain Alex?, filamu ya makomando, kung fu na helikopta, iliyotengenezwa kwa fedha kidogo mno, bunduki zikiwa za kuchongwa na milipuko ikichorwa kwa kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe. Nabwana amesema kwamba utotoni alizijua filamu za Marekani kwa kusimuliwa na kaka zake waliokwenda kuzitazama. Toleo lililosambaa duniani lina sauti ya VJ Emmie akishangilia na kuchokoza juu ya picha, kama ilivyo desturi ya kumbi za video za Uganda. Kwa hiyo mwaka 2010, Stallone alipowaita wababe wa miaka ya themanini warudi kazini, watazamaji wao wa Afrika Mashariki nao walikuwa wamekwisha kushika kamera. Naona fahari kuliandika hilo.

The Expendables ya pili ilitoka tarehe 17 Agosti 2012, ikiongozwa na Simon West na kupigwa zaidi Bulgaria, ambako mtu mmoja wa kazi za hatari alipoteza maisha katika tukio la mlipuko. Humo ubishi wa zamani ulipewa majibu kwa ukarimu. Van Damme alikubali kuja, safari hii akiwa adui, na akapigana na Stallone ana kwa ana. Chuck Norris alitokea. Schwarzenegger na Willis walishika bunduki na kuibiana misemo. Ilipita ya kwanza kwa mapato ya dunia. Ya tatu, Agosti 2014, iliongeza Harrison Ford, Mel Gibson, Antonio Banderas na hatimaye Snipes, ambaye mhusika wake anatania kuhusu kodi. Lakini nakala yake safi ilivuja mtandaoni wiki tatu hivi kabla ya siku yake, na damu ikawa imepunguzwa ili vijana waruhusiwe kuingia. Marekani ililipa dola milioni 39 tu, wakati ya kwanza ilikuwa imepata zaidi ya milioni 100.

Ya nne ilitoka Septemba 2023. Bajeti yake ilikuwa dola milioni 100, na kwa dunia nzima haikurudisha hata milioni 60. Schwarzenegger hakuwemo, Jet Li hakuwemo. Willis alikuwa ameacha uigizaji mwaka 2022 kwa sababu ya ugonjwa unaomnyang'anya maneno. Wapo waliosema wakongwe wamechosha. Mimi naona tatizo lilikuwa jingine: kilichouza tiketi mwaka 2010 kilikuwa maswali ya miaka ishirini na mitano, na maswali hayo yalikwisha kujibiwa. Ukiwaweka wababe wapya ambao hakuna aliyewahi kubishana juu yao, hata wawe hodari vipi, hakuna anayewangoja.

Jina moja kubwa la mabandani halikuwahi kuingia katika filamu yoyote kati ya hizo nne: Steven Seagal, yule wa kuvunja mikono, wa Above the Law ya mwaka 1988 na Under Siege ya mwaka 1992. Maelezo yaliyotolewa wakati ule ni kwamba hakuwa na maelewano na Avi Lerner. Tarehe 3 Septemba 2010, wiki tatu tu baada ya The Expendables, alitokea katika Machete ya Robert Rodriguez, akiwa adui, ameshika panga la Kijapani mbele ya Danny Trejo. Waliokuwa wakisema Seagal angemkunja Stallone kwa dakika moja bado wanasema hivyo, na waliokuwa wakiwapinga bado wanawapinga.